Adui wa anayetembea kwenye baridi ni jasho lake

Alfajiri ya mwezi wa saba pale Njombe mjini, anayetoka kukimbia huvaa karibu kila alichonacho: fulana ya pamba, shati, sweta, jaketi juu yake, na mzula ulioshushwa hadi kwenye nyusi. Robo saa haijapita, mgongo umeshalowa. Nusu saa baadaye anakutana na mtu wa nyumbani, wanasimama kusalimiana, habari za shamba, habari za watoto, na kabla hawajaagana meno yameanza kugongana. Atakuambia baridi ya leo imezidi. Baridi ni ile ile aliyotoka nayo nyumbani. Kilichobadilika ni mambo mawili: amelowa, na amesimama.

Ukiyaelewa hayo mawili umeelewa sehemu kubwa ya suala zima la kutembea, kukimbia au kufanya kazi nje wakati wa baridi. Iwe Makete, Limuru, kambi za Kilimanjaro, au barabara zenye theluji za Minneapolis na Toronto ambako ndugu zetu wengi wamehamia, mwili unafuata kanuni zile zile. Nimeamua kuziandika kwa sababu naona watu wazima wenye afya zao wakijifungia ndani msimu mzima, wakiamini kwamba aliyezaliwa Tanga au Mombasa hakuumbiwa baridi. Wengine wanatoka, ila wamevaa kwa namna itakayowaumiza.

Kuhusu kuumbiwa, mfano ninaoupenda ni wa Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mbio za ski, mchezo ambao hakuwa na historia nao kabisa. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano 1998, akishindana kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi wa mbio zile, akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Boit hakuishia hapo. Alishiriki tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006. Mtu huyo alikulia jirani kabisa na ikweta.

Joto linatoka wapi

Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zile za zamani. Akitembea kwa haraka, joto hilo hupanda mara tatu au nne. Akikimbia kwa kasi, linakaribia mara kumi. Hii ni kwa sababu misuli inatumia nishati kwa hasara kubwa: katika nishati yote inayochomwa, robo tu au chini yake ndiyo inayogeuka kuwa mwendo, na inayobaki hutoka kama joto.

Kwa hiyo anayekimbia kwenye baridi mara nyingi ana joto la kuzidi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 huko Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, waandaaji walikuwa wametenga siku kadhaa na kusubiri utabiri wa hali ya hewa ndipo wakataja siku na saa ya kuanza. Walikuwa wanaitafuta asubuhi ya ubaridi, nao waliipata, nyuzi joto kama 10. Kwa aliyekaa barazani hizo ni nyuzi za kujifunika blanketi. Kwa anayekimbia kwa kasi ile, ndizo zinazomsaidia mwili uondoe joto bila kupoteza maji mengi.

Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya ulioko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, hili wanalijua bila kufundishwa darasani. Alfajiri wanaanza polepole wamevaa majaketi na taiti ndefu. Mwili ukishapata moto, jaketi linavuliwa na kufungwa kiunoni. Mazoezi yakiisha linarudi mwilini mara moja, hata kama jua limeshaanza kuwaka. Siri yote iko hapo: nguo inavaliwa na kuvuliwa kufuatana na kazi ambayo mwili unafanya wakati huo, na wala haifuati hewa ilivyokuwa ulipofungua mlango.

Jasho linavyofanya kazi yake

Joto hutoka mwilini kwa njia nne. Linapotea kwa kugusa kitu cha baridi, kama vile kukaa juu ya jiwe. Linachukuliwa na hewa inayopita. Linatoka lenyewe kwa mnururisho, jinsi ukuta uliopigwa na jua unavyotoa joto jioni. Na linaondoka na mvuke, maji yanapokauka juu ya ngozi. Kwa anayefanya mazoezi, njia zenye uzito ni ya upepo na ya maji, na kati ya hizo ya maji ndiyo inayowashangaza watu.

Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoka na kilokalori karibu 580. Ni joto ambalo mtu aliyekaa tu angelizalisha kwa zaidi ya saa sita. Wakati wa kukimbia huo ni msaada mtupu, maana kuna joto la kumwaga. Ukisimama, misuli inapunguza uzalishaji ndani ya dakika chache hadi theluthi, au hata sehemu ya kumi, ya ulivyokuwa. Jasho lililoloweka nguo haliwezi kujua kwamba umesimama. Linaendelea kukauka na kukunyang'anya joto kwa kasi ile ile, ila sasa hakuna kinachofidia. Tena maji hupitisha joto haraka kuliko hewa iliyotulia, karibu mara 25. Fulana iliyolowa ikinata mgongoni inakuwa daraja la kutolea joto nje.

Hapa ndipo pamba inapotuangusha. Nguo haina joto lake yenyewe. Inachofanya ni kunasa hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoke. Nyuzi za pamba hunywa maji, zinavimba, zinalala, na nafasi za hewa zinajaa jasho. Ukiivaa fulana ya pamba ndani ya sweta zuri kiasi gani, ikishalowa imekuharibia sweta lote. Poliesta karibu hainywi maji kabisa, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo jasho hupita na kwenda nje. Sufu nayo ina tabia ya peke yake: inaweza kubeba unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake na bado usihisi umelowa, kwa kuwa maji huingia ndani ya unyoya wenyewe huku nafasi za hewa katikati zikibaki wazi.

Habari njema kwetu ni kwamba nguo hizi hazihitaji duka la wapanda milima. Jezi ya mpira, iwe ya Simba, ya Yanga au ya Gor Mahia, kwa kawaida ni poliesta, na ikivaliwa moja kwa moja juu ya ngozi inakuwa vazi la ndani bora kuliko fulana ya pamba ya bei mbaya. Masweta ya sufu na yale laini ya manyoya ya kutengeneza yamejaa kwenye mitumba, na mijini ambako baridi haipo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hayana wanunuzi. Soma kilebo cha ndani kwenye shingo. Ukiona wool au polyester, chukua; ukiona cotton, iache kwa ajili ya nyumbani. Juu ya hivyo viwili kinahitajika kitu kimoja chepesi cha kuzuia upepo na mvua, kiwe na zipu, ili uweze kukifungua kifuani ukiwa unatembea. Jaketi zito moja lisilofunguka ni vazi baya kwa mtu anayetoka jasho, kwa sababu linakupa uamuzi wa aina mbili tu: kuungua au kuganda.

Namna ya kuvitumia ni hii. Ukitoka nyumbani, dakika kumi za kwanza uhisi ubaridi kidogo. Kama mlangoni tu umejisikia raha, umevaa kupita kiasi. Ukikaribia mlima, punguza nguo ukiwa chini, kabla jasho halijaanza. Anayesubiri hadi afike juu ameshachelewa. Ukitaka kusimama, vaa kwanza ndipo usimame. Na kwenye begi iwepo fulana moja kavu. Kubadilisha fulana iliyolowa nje kwenye baridi ni nusu dakika ya mateso, lakini saa nzima inayofuata inakuwa nyingine kabisa. Naliweka hili mbele ya ushauri mwingine wote.

Upepo, na zile nyuzi mbili za kwenye utabiri

Waliohamia Kanada au kaskazini mwa Marekani wamezoea kusikia utabiri ukitaja nyuzi mbili: hewa ni hasi 10, lakini itahisika kama hasi 20. Wengi wanadhani ni maneno ya kuogofya. Ni kipimo, na kina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Wamarekani wawili waliokuwa Antaktika, Paul Siple na Charles Passel, walipima maji yaliyowekwa kwenye kopo dogo yalichukua muda gani kuganda upepo ulipokuwa wa kasi mbalimbali. Kopo la maji halina damu wala misuli, ndiyo maana mwaka 2001 Marekani na Kanada zilibadilisha hesabu hiyo baada ya kupima nyuso za watu waliojitolea kutembea ndani ya chumba cha baridi chenye upepo. Kwa hesabu hii mpya, hewa ya hasi 10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa hukuondolea joto usoni kama vile ungekuwa kwenye hasi 20 yenye utulivu.

Kuna mambo mawili watu huyakosea hapo. Kwanza, upepo hauwezi kukipoza kitu chini ya joto halisi la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri, ngozi haigandi hata upepo uvume vipi. Itakachofanya ni kufika kwenye nyuzi 2 haraka zaidi. Pili, upepo unautengeneza mwenyewe kwa mwendo wako. Anayekimbia kilomita 12 kwa saa siku isiyo na upepo amejitengenezea upepo wa kilomita 12. Mwendesha baiskeli kwenye mteremko anajitengenezea wa 40. Dereva wa bodaboda wa Limuru au Makambako saa kumi na moja alfajiri anakumbana na wa 60, naye amekaa tu, misuli haizalishi kitu. Ndugu zetu hao wanaumia magoti, vidole na kifua kwa miaka, na wengi hawana kingine cha kujikinga zaidi ya gazeti lililowekwa chini ya jaketi. Gazeti linasaidia kweli, kwa kuwa linazuia upepo. Koti la nailoni lisilopitisha upepo na glavu za maana vingesaidia zaidi.

Kwa anayekimbia au kutembea kuna mbinu isiyogharimu kitu: anza safari ukiwa umeukabili upepo, urudi nao ukiwa mgongoni. Ukifanya kinyume, utakutana na upepo uso kwa uso wakati umeshalowa na umechoka.

Hisia ya baridi ikishuka kufikia hasi 28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku hiyo panda ngazi za ndani ya jengo lenu, hakuna aibu.

Vidole vyetu

Mwili ukihisi baridi, unaamua kulinda moyo, mapafu na ubongo. Mishipa midogo ya mikononi na miguuni inajibana, damu ya moto inabaki katikati, na vidole vinaachwa vijitegemee. Baada ya muda, mishipa hiyo hufunguka kidogo, ikaruhusu damu ipite, kisha ikajibana tena. Daktari wa Uingereza, Thomas Lewis, alilieleza jambo hili mwaka 1930 baada ya kuchunguza vidole vilivyotumbukizwa kwenye maji ya barafu. Kule kufunguka kwa vipindi ndiko kunakookoa vidole visife.

Kufunguka huko hakuko sawa kwa watu wote. Kumbukumbu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha mara nyingi kwamba askari wenye asili ya Afrika huumia mikono na miguu kwa baridi zaidi ya wenzao weupe waliokuwa nao mahali pale pale, na vipimo vya maabara vimeonyesha mishipa ya vidole vyao ikijibana kwa nguvu zaidi na kuchelewa kufunguka. Hili halimaanishi mtu mweusi abaki ndani. Boit alishindana Olimpiki tatu. Maana yake ni kwamba tusijipime kwa jirani Mswidi anayetembea bila glavu. Sisi tuzivae mapema, vidole vikiwa bado na joto, kwa sababu glavu haizalishi joto. Inatunza tu lililopo. Zile za kifuko, zinazoweka vidole vinne pamoja, zinatunza kuliko zenye vidole vilivyotengana. Kiatu nacho kiwe na nafasi. Soksi mbili zilizobana ndani ya kiatu kilichobana hukata damu, na miguu inakuwa baridi kuliko ingekuwa na soksi moja.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi ya nchi za baridi hayalisemi. Dalili ya kwanza ya ngozi kuanza kuganda huelezwa kuwa ni wekundu unaogeuka kuwa weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta doa la rangi ya majivu au kijivu, ngozi inayokuwa ngumu ukiibonyeza, na zaidi ya yote ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikaacha kuuma ghafla bila kupata joto hakijapona. Mnapotembea wawili, mmoja amwangalie mwenzake ncha ya pua, mashavu na masikio kila baada ya muda, kwani mwenyewe hawezi kuyaona.

Kuhusu kichwa: ile habari kwamba karibu nusu ya joto hutokea kichwani ilitokana na majaribio ya jeshi la Marekani katika miaka ya 1950, ambapo watu walivalishwa mavazi mazito mwili mzima na kuachwa vichwa wazi. Ni wazi joto lingetokea kichwani. Kichwa hupoteza joto kulingana na ukubwa wake, karibu asilimia 10. Mzula, au boshori kama wanavyouita Kenya, bado ni vazi zuri sana kwa sababu nyingine: unavulika kwa sekunde moja na unaingia mfukoni, kwa hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kurekebisha joto bila kusimama.

Usiku wa kileleni

Kilimanjaro ndipo mahali ambapo kanuni hizi zote hukutana, pamoja na moja inayogeuka. Hewa hupoa kwa nyuzi kama 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini pako mita 900 hivi na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, tofauti ya karibu mita 5,000. Piga hesabu: usiku ambao Moshi kuna nyuzi 20, kileleni hutegemewa kuwa kama hasi 12, kabla hata ya kuhesabu upepo.

Siku za chini, ndani ya msitu, shida ni jasho na mvua. Kunapanda, kuna unyevunyevu, mgeni amevaa jaketi jipya analotaka kulipiga picha, na akifika kambi ya mita 2,700 au 3,000 amelowa kabisa. Waongozaji wazoefu humvua mapema. Usiku wa kileleni mambo yanageuka. Safari huanza karibu saa sita usiku kutoka Barafu au Kibo, kambi zilizo kwenye mita 4,600 hadi 4,700 na ushei, changarawe ikiwa imeganda na kushikana chini ya buti. Kileleni shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na oksijeni vivyo hivyo. Misuli isiyopata oksijeni haiwezi kuchoma nishati kwa kasi, kwa hiyo haiwezi kuzalisha joto. Ule mwendo wa pole pole, hatua moja, pumzi moja, hatua nyingine, unatoa joto kidogo tu, kama la mtu anayetembea sokoni. Ndiyo maana huku mtu anavaa karibu kila alichonacho tangu mwanzo, na ndiyo maana mwongozaji anakataza mapumziko marefu hata ukimlilia. Dakika tano za kukaa juu ya jiwe kwenye mita 5,400 saa kumi usiku zinaweza kumaliza safari. Chupa ya maji hubebwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na kizibo kikiwa chini hakizibwi na barafu. Mrija wa kunywea unaotoka begini huganda mapema kabisa. Simu ikae ndani ya nguo karibu na kifua, la sivyo betri itazima kabla ya picha ya kileleni.

Walio kwenye hatari kubwa, hata hivyo, ni wapagazi, ambao wenyewe wanajiita wagumu. Mpagazi anabeba hadi kilo 20 za mzigo wa safari, nguo zake zikiwa juu ya hizo, anawapita wageni njiani kwa kasi ili akute kambi na kuijenga kabla hawajafika. Amefanya kazi nzito kuliko wote, kwa hiyo ametoka jasho kuliko wote, mara nyingi akiwa na fulana ya pamba. Anafika mita 3,800, mvua inanyesha, anatua mzigo, na kazi inayobaki ni ya mikono: kusimamisha mahema, kusubiri. Amelowa, amesimama. Wapagazi wamewahi kufa hivyo mlimani, nchini kwao, huku wamebeba nguo za joto za watu wengine begini. Shirika la kutetea wapagazi la KPAP, lililoanzishwa mwaka 2003, huwaazima nguo za mlimani bila malipo, na ni kazi ya kushukuriwa. Lakini jaketi kavu na hema la kulala kwa kila mpagazi ni gharama ambayo mwenye kampuni anatakiwa kuiingiza kwenye bei ya safari. Msomaji unayepanga kupanda, uliza swali hilo kabla ya kulipa: wapagazi wanavaa nini na wanalala wapi?

Pumzi, kiu, mwanga na moyo

Kikohozi kinachofuata baada ya kukimbia kwenye baridi husababishwa na ukavu wa hewa kuliko ubaridi wenyewe. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo njia ya hewa inalazimika kuilowesha kila pumzi, nayo inakauka na kujibana. Skafu au buff (kile kitambaa cha duara cha shingoni) juu ya mdomo hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia. Mwenye pumu aanze taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano na awe na dawa yake mfukoni, si nyumbani.

Kiu nayo inapungua kwenye baridi ingawa maji yanaendelea kupotea kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo, ambao huongezeka mishipa ya ngozi inapojibana. Kunywa kwa saa, usisubiri kiu. Chai ya tangawizi ndani ya chupa ya kutunza joto inafaa sana. Pombe haifai: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati joto la ndani linatoroka.

Kwa walio kaskazini mwa dunia, tokeni mchana. Desemba pale Stockholm mwanga wa jua hudumu kama saa sita tu, na matembezi ya nusu saa adhuhuri yanatengeneza usingizi na moyo wa mtu kuliko mazoezi ya usiku. Ila jua hilo la baridi halitoshi kuifanya ngozi, hasa ngozi nyeusi, itengeneze vitamini D. Serikali ya Uingereza inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Muulize daktari wako. Juu ya barafu, piga hatua fupi, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni ili ikudake ukianguka.

Baridi hupandisha shinikizo la damu kwa kuwa mishipa imejibana. Mzee mwenye presha au ugonjwa wa moyo anayeshika koleo ghafla kuondoa theluji mlangoni anaupa moyo mizigo miwili kwa pamoja. Kila msimu wa theluji wapo wanaopata mshtuko wa moyo namna hiyo. Kazi hiyo iachieni vijana wa nyumba.

Mambo yakiharibika

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia hatarini. Kabla ya hapo ataonyesha: anatetemeka bila kujizuia, anashindwa kufunga zipu, anajikwaa, maneno yanavutana, na mcheshi anakuwa kimya au mkali. Mara nyingi yeye mwenyewe atasema yuko sawa, msimsikilize. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi, apelekwe hospitali. Wakati mnasubiri, mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, na muweke kitu kinene kati yake na ardhi. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue wala kumtikisa, moyo uliopoa huvuruga mapigo kwa urahisi.

Kidole kilichoganda kisisuguliwe, wala kupakwa theluji, wala kuwekwa juu ya jiko, maana ganzi haitamwambia mwenyewe kwamba anaungua. Kinatumbukizwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu mwingine mwenye mkono mzima ameyapima kwanza kwa kiwiko, hadi ngozi ilainike. Itauma sana, na anaweza kupewa dawa ya maumivu. Kama bado mko njiani na kuna uwezekano wa kuganda tena kabla ya kufika, kiacheni kwanza kama kilivyo, kwa kuwa kuyeyuka kisha kuganda mara ya pili huharibu nyama kuliko kuganda mara moja.